Vitone vya Giza

Siku hizi sauti ya marehemu huhifadhiwa katika mwanga uliofungiwa ndani ya kioo kidogo kama punje ya mtama. Kila neno ni kitone cha giza kinachozungukwa na mwanga. Kila ukisikiliza, vitone husogea; viwili ambavyo mwanga huvizunguka kwa pande zinazopingana vikikutana, vyote hutoweka pamoja na maneno yake.

Nakijwa alikuwa amekificha kabatini kioo cha marehemu binti yake, Namkunda, ili maneno yasipotee. Mumewe akakipata.

“Nimemsikiliza kidogo tu, Mama Namkunda.”

“Kidogo mara ngapi?”

Mume akamkabidhi kioo. Nakijwa akakiweka sikioni. Binti alicheka, akaita, “Baba!” Kisha kikapita kimya, pale alipokuwa akiita, “Mama!”

Nakijwa akamrudishia mumewe kioo.

“Sikiliza wewe,” alisema. “Wewe bado anakuita.”