Anaomba Dakika Tano

Simu ilitetemeka wakati dobi amezamisha mikono kwenye mashuka ya hoteli. Alijua ni nani. Programu aliyoiweka kwenye simu ya bintiye hufunga kila kitu jioni, na binti akitaka muda zaidi lazima amwombe yeye na kuandika sababu.

“Huyo tena! Yeye na dakika zake!”

“Mkatalie, atazoea,” alisema mwenzake huku akipiga pasi.

Ndivyo alivyofanya siku zote. Kataa, simu mfukoni, kazi iendelee. Sababu hakuwahi kuzisoma. Za watoto si anazijua?

Leo kioo kiligoma. Kidole kilikuwa kimelowa na kujikunja kwa sabuni. Alibonyeza Kataa, hakuna kitu. Akafuta kidole kwenye gauni, na wakati akingoja kikauke, macho yakaangukia maneno.

“Sababu: Shikamoo mama. Sitaki dakika. Nikikupigia hupokei, lakini hapa unajibu hapo hapo. Nimepika mwenyewe leo. Utarudi na njaa?”

Alitafuta mahali pa kumwandikia. Hapakuwapo. Palikuwa na vitufe viwili tu, Kubali na Kataa, na juu yake maombi ya nyuma.

“Sababu: Mama, leo nikusubiri tule pamoja?”

Chini yake, kwa herufi nyekundu: Umekataa.

“Umeshamkatalia?” mwenzake aliuliza.

Dobi aliendelea kufuta kidole ambacho kilikuwa kimeshakauka.