Vidole Viwili Chini ya Mkanda

Jina la mumewe lilipotangazwa uwanjani, Doris alifumba macho akaomba: Bwana, asiaibike mbele ya watu.

Kwa miaka arobaini mzee huyo alikuwa amezalisha na kuuza farasi wa maonyesho, wale wa kuvuta vigari, na leo wafugaji wenzake wa Durban walikuwa wanamtunuku ngao. Lakini tangu apigwe na kiharusi, miezi minne sasa, hakuwa ametamka hata neno moja.

Mzee aliipita ngao. Alijikongoja hadi kwa farasi aliyefungwa kwenye kigari, akaingiza vidole viwili chini ya mkanda wa shingoni, kama alivyozoea kabla ya kumuuza farasi yeyote. Vidole havikupita.

"Nani... kamfunga huyu?"

"Mimi, mzee," akajibu mtunza farasi.

"Unamnyonga! Legeza!"

Doris akashika mdomo. Asante, Yesu.

Mtangazaji akamsogelea na ngao mkononi. "Mama, tumkabidhi sasa?"

"Eish, baba, ngoja kidogo," Doris akasema huku machozi yakimtiririka. "Mwache kwanza agombe."