Simu Iliyong'ang'ania Sebule

Binti alipoishika simu ya baba yake, ndipo alipoliona kosa. Kifaa cha pili cha Wi-Fi kilikuwa papo hapo kando ya kitanda, taa yake ikiwaka, lakini simu ilikuwa bado imeng'ang'ania kile cha sebuleni, na mtandao uko taabani.

"Mama, Baba alikuwa akinipigia kwa mtandao akiwa wapi?"

"Alianzia sebuleni. Akifikia maneno mazito, anaingia huku chumbani na kufunga mlango. Hakutaka nimsikie akikuomba radhi."

Kila mara baba yake aliposema, "Mwanangu, kuna jambo," simu ilikatika. Binti akadhani mzee amemkatia kwa kiburi. Mwishowe akaacha kupokea.

Alizima Wi-Fi ya simu, akaiwasha tena. Ikashika kifaa cha karibu, alama zote zikajaa. Kumbe ni hivyo tu!

Baba yake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya sauti juma lililopita, alimtazama kutoka kitandani. Midomo yake ilihangaika, isitoe neno.

Binti akapiga magoti, akaushika ule mkono uliolegea.

"Nilisikia yote, Baba," akadanganya.