Regulata ya Tatu

Mama mshonaji alikuwa ameshakataa regulata mbili za kupumulia wazamiaji, na muuzaji mwenyewe, fundi kijana, ndiye aliyemsaidia kuzikataa.

Ya kwanza ilimvutia kwa kung'aa. Ilikuwa ya zamani, ya mabomba mawili ya mpira yenye mikunjo kama shingo ya kobe, na shaba yake ilimeremeta kama sufuria mpya. Fundi alilivuta bomba moja taratibu, akamwonyesha nyufa nyembamba zilizojificha katikati ya mikunjo.

"Uzuri wa mkakasi, mama. Hii itundike ukutani iwe pambo."

Ya pili aliifungua kwa bisibisi, akachomoa kichujio kidogo pale hewa ya mtungi inapoingilia. Kilikuwa kijani tupu.

"Maji ya chumvi yaliingia zamani. Ndani imeshaliwa."

"Sasa hiyo ni biashara gani, kijana? Kila kitu chako unakiponda."

"Cha kuponda nakiponda. Hiki kitu kazi yake ni moja tu, kumpa mtu pumzi akiwa chini ya maji. Kikikosea, hakipati nafasi ya kuomba radhi."

Mama aliitikia kwa kichwa. Binti yake alikuwa mzamiaji, na ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye. Wiki nzima hakupata usingizi mzuri kwa ajili yake. Leo alikuwa amefunika cherehani mapema, akajisemea kwamba kama ni kukubali, atakubali alichokikagua kwa macho yake, kama anavyokagua kitambaa: upande wa ndani kwanza.

"Nataka kitu kisichomwacha mwanangu katikati," alisema.

"Nimekuelewa. Anazamia wapi? Huenda namfahamu."

Papo hapo kiwiko cha mama kikagonga sinia juu ya meza. Skrubu na vipira vya duara, vingine vidogo kuliko pete ya mtoto, vikatawanyika sakafuni na kuingia chini ya kabati.

"Maskini mimi," alisema mama, akamtazama fundi usoni.

Fundi aliitazama sakafu. Halafu akacheka.

"Afadhali. Nilikuwa natafuta sababu ya kufagia."

Alipiga magoti, akawasha tochi, akaanza kuokota kimoja kimoja. Mama hakuinama kumsaidia. Alisimama tu.

Simu ya fundi ikaita akiwa nusu mwili chini ya kabati. "Shikamoo mama... Nimekula... Si chai tupu, nimekula kweli... Hiyo balbu usipande kuiweka mwenyewe, nakuja jioni kukuwekea." Mama mshonaji alikuwa ameinamia bomba la mpira kama mtu anayesoma gazeti.

Regulata ya tatu haikuwa na sura ya kumwita mtu. Ilikuwa ya kijivu, imechubuka, na jina la kiwanda lilikuwa limefutika. Fundi aliifungua yote, akapanga vipande vyake juu ya kitambaa cheupe, akaeleza kipi ni cha zamani na kipi alikibadilisha. Akaifunga tena. Akakisafisha kidomo chake kwa spiriti, akaziba kwa kidole gumba pale hewa inapoingilia.

"Vuta."

Mama alivuta hadi mashavu yakabonyea. "Hainipi kitu."

"Ndivyo tunavyotaka. Ingekupa hewa sasa hivi, kesho ingempa mwanao maji."

Kisha akaiunga kwenye mtungi. Mshale wa geji ya hewa ulipanda, ukatulia palepale. Mama aliutazama muda mrefu, kisha akamtazama aliyeshika mtungi.

"Umewahi kukosea, wewe?"

"Sana. Mwaka jana nilimrudishia mtu regulata yake na nati moja sijaikaza. Nimekuja kukumbuka niko kwa kinyozi. Nikatoka mbio na kichwa nusu."

"Ukamkuta ameshazamia?"

"Nimemkuta sebuleni anatazama mpira. Mkewe alinidhania mwehu, akanifungia mlango. Nikakaa barazani mpaka waliponisikiliza."

Mama alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Halafu akamsukumia regulata.

"Ifungue tena. Sikuona vizuri."

Fundi aliifungua tena. Hakuguna, hakutazama saa. Alianza maelezo upya tangu kichujio, kama vile hajawahi kuyasema.

Alipomaliza, mama alitundika mkoba begani.

"Ahsante, kijana. Umenifaa sana. Lakini leo sinunui."

Fundi alijifuta mikono iliyojaa mafuta.

"Hakuna neno, mama. Popote utakaponunua, hakikisha unavuta kwanza. Na mwambie mwanao aioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila anapotoka majini. Watu wengi husahau."

"Nitamwambia."

Alivuka barabara, akasimama kwenye kivuli cha duka la vioo, akampigia binti yake.

"Mama, uko wapi? Nimepita kwako nimekuta mashine imefunikwa."

"Nilikuwa na shughuli. Sikiliza. Yule mchumba wako fundi ambaye nilisema sitaki hata kumsikia, mlete nyumbani Jumapili. Ila mkifika mlangoni mshike mkono, maana akiniona atashtuka kidogo."