Mama Watatu wa Cornelius Sullivan

Maiti alikuwa mmoja, na mama zake walikuwa watatu. Walikaa jikoni kwa padri, kila mmoja na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa, wakisubiri amalize kuzungumza kwenye simu.

Padri alirudi akijisugua uso. "Wanasema ni Cornelius Sullivan, mtu wa huku kwetu. Mtaro ulimfukia huko London. Wameshamzika. Zaidi ya hapo hawajui kitu."

"Hawakusema Con yupi?" Kit aliuliza.

"Watajuaje, Kit? Kwao Sullivan ni Sullivan."

Na bonde zima lilikuwa la akina Sullivan, ukoo wa jicho. Wenyewe husema jina lao maana yake ni jicho jeusi. Majirani wa ng'ambo ya mlima hushikilia kwamba ni jicho moja, na ngumi zimeshapigwa kwa ajili hiyo. Tena mtoto wa kwanza wa kiume lazima apewe jina la babu mzaa baba, kwa hiyo akina Cornelius, au Con kwa kifupi, hawamaliziki. Nyumbani jambo hilo halikumsumbua mtu. Kulikuwa na Con wa Mhunzi, kulikuwa na Con wa Darajani, mtoto wa Kit, na kulikuwa na Con wa Kisimani, mtoto wa Hanora. Lakini majina ya nyumba hayavuki bahari. Kijana akipanda meli huyaacha gatini, akifika Uingereza anabaki Sullivan tu, mchimba mitaro. Na wote watatu walikuwa wameondoka.

"Misa itasomwa lini, Padri?" Hanora aliuliza.

"Tusubiri kwanza. Nikitangaza kifo cha mtoto wa mtu, kumbe yu hai, uso wangu nitauficha wapi?"

Jumamosi Con wa Mhunzi alishuka kwenye basi na sanduku lake, akashangaa kuona mama yake anaanguka barabarani. Wakabaki mama wawili.

Kit na Hanora walikuwa majirani tangu waolewe. Wiki zile Kit alikonda. Alikuja kwa Hanora kila asubuhi kwa sababu hakuna mwingine ambaye angemwelewa, na alikuwa akiona haya, maana kila alipoomba wake awe hai alikuwa akimwombea kifo mtoto wa mwenzake. Batt, mume wa Hanora, alikuwa akitoka nje mara tu anapomwona. Batt alikuwa ameacha kuzungumza tangu Con aondoke, na watu walisema kumbe wanaume nao huumwa na upweke wa kuachwa na watoto.

"Wako aliandika lini?" Kit aliuliza.

"Hajaandika tangu aondoke Oktoba."

"Wangu aliandika Pasaka. Mvivu wa kalamu, lile jicho moja." Alijaribu kucheka. "Hanora, mbona wewe hulii?"

"Nitalia."

Siku hiyo Hanora alipanda kilimani kama kawaida yake, kwenye kiwanja cha mawe yasiyoandikwa majina. Huko ndiko wanakolazwa watoto waliokufa kabla ya ubatizo, na wengine ambao kanisa haliwaombei. Alikuwa na kichanga chake pale, kilichozikwa miaka mingi nyuma, na hakuna aliyemuuliza habari za safari zake. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa Kit, hata matope hakupangusa viatuni.

"Ni wangu, Kit."

"Umepata habari?"

"Sijapata. Nimejua tu. Mama hujua."

Kit alimtazama, kisha akaanza kulia, akamshika mikono akaibusu, akimwomba Mungu amsamehe kwa furaha yake. Hanora aliiacha mikono ishikwe. Alimwonea huruma mwanamke yule kuliko alivyowahi kumwonea mtu yeyote, lakini neno lake hakulirudisha.

Padri hakubisha, mama mwenyewe ameshasema. Matanga yakawekwa bila maiti. Wanawake walileta mkate wa magadi na nyama baridi, wanaume wakaleta tumbaku, rozari ikasaliwa. Siku ya misa kengele ililia bonde zima, na padri akamtaja altareni Cornelius Sullivan, mwana wa Batt na Hanora, apumzike kwa amani. Batt alilia kwa sauti mbele za watu. Hanora aliomba mshumaa mmoja wa altare, akapewa.

Alipanda nao kilimani peke yake. Kutoka kule alimwona Kit amesimama langoni kwake, kiganja juu ya macho, akimtazamia mtu wa posta. Angesimama vile kesho, na mwaka kesho.

Hanora akamgeuzia mgongo, akapiga magoti penye mawe ambayo nyasi zilikuwa bado hazijayafunika.

"Umeombewa, Con," alisema. "Lala sasa."

Akauwasha mshumaa juu ya mwanawe, pale pale yeye na Batt walipomfukia asubuhi ile ya Oktoba, walipomkuta zizini na kamba shingoni.