Mfuko wa Tarehe Tatu Aprili

Mifuko miwili tu ya damu ya kundi A hasi ilibaki kwenye jokofu, na Marita aliishika yote miwili, mmoja kila mkono, kama mtu anayechagua samaki sokoni.

"Nani anaitaka?" aliuliza, ingawa jina alishalisoma kwenye kompyuta mara tatu.

Solveig, mwenzake wa benki ya damu, alikuwa anatafuna andazi la mdalasini. Hakuna habari iliyowahi kumpita katika hospitali ile ndogo ya kaskazini mwa Uswidi. "Shoga, usijifanye hujui. Ni Jonna wako huyo. Kajifungua asubuhi, damu haikatiki. Mtoto kilo nne!" Akashusha sauti. "Hivi Stellan kakuacha akahamia kwake lini vile?"

"Leo siku ya arobaini na moja."

"Siku arobaini na moja, mtoto kilo nne. Hesabu hiyo hata mimi niliyefeli naiweza."

Siku Stellan alipokuja kuchukua sofa, yeye alikimbilia hapa hapa kazini, na ilikuwa siku yake ya mapumziko, akashinda huku ili asiione gari ikipakiwa. Lakini maneno yake ya mlangoni yalimfuata: "Umekakamaa, Marita. Jonna ni damu changa."

Simu ya wodi ikalia. "Tuanzishieni na mmoja," alisema mkunga. "Mpya, kama upo. Huyu dada kaishiwa."

Mkono wa kulia: mfuko wa siku nne. Wa kushoto: tarehe 3 Aprili, karibu wiki sita.

Marita hakuhitaji darubini. Chembe changa za damu ni visahani laini, hujipinda na kupenya popote. Zikilala kwenye baridi wiki tano, sita, huota vijimiba kama fenesi, zikakakamaa, zikaanza kuvuja. Bado zinafaa; sheria inazivumilia hadi siku ya arobaini na mbili. Tena sheria hiyo hiyo inataka ya zamani itangulie.

Ila si sheria iliyousukuma mkono wake. Si Stellan alitaka damu changa? Basi Jonna wake na apewe iliyokakamaa.

"Si kasema mpya?" Solveig aliuliza.

"Sheria ni sheria."

"Mh! Hiyo sheria leo ina wivu kweli."

Mfuko wa kushoto ukaenda wodini mikononi mwa Solveig. Marita akamimina kahawa kwenye kikombe chake chenye tone jekundu, kile wanachopewa waliochangia damu mara kumi, akakiacha kipoe. Na zile chembe zikishindwa kazi? Na yule mtoto wa kilo nne, je? Mara mbili alifungua jokofu, akaushika ule mfuko mpya, akaurudisha.

Baada ya saa nzima Solveig akarudi anahema.

"Rangi imemrudia! Anadai chai na mkate wa jibini. Na huyo Stellan wako, ungemwona! Analia kama kitoto, kaubusu mfuko mtupu mbele za watu. Eti aliyeitoa hii damu, Mungu amzidishie."

"Atajijua," alisema Marita.

Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa koti lake. Akaitoa, akasoma:

"Asante kwa mchango wako! Damu uliyotoa tarehe 3 Aprili leo imemsaidia mgonjwa."