Waya Unaoning'inia

"Papa Ruffin, chomeka," mama fundi wa mtandao alimwambia, akimpa ncha ya waya.

Ruffin akaficha mikono nyuma. Kazi yake ilikuwa kufagia biro, yaani ofisi, ya wakala wa mizigo pale Kalemie, na waya unaoning'inia ulimkera kuliko vumbi. Kila alipouchomeka kwenye swichi, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ambamo ncha ya pili ilikuwamo tayari, mtandao wote ulikufa.

"Mama, si njo huu ulinikatazaka?"

"Njo wenyewe. Sasa nimeipanga swichi ifunge yenyewe njia iliyozidi."

Akauchomeka, macho amefumba.

Taa ya tundu hilo ikawa ya manjano: njia imefungwa. Zingine zikaendelea kupepesa kijani. Ng'ambo ya ukuta, shefu, mkuu wa ofisi, aliendelea kucheka na watu wa Kigoma kwenye simu ya video.

"Na ule waya unaoning'inia kwa shefu, niuchomeke pia?" Ruffin akauliza, ameshafika mlangoni.